Unga kwenye Breki ya Mjomba

Mjomba wangu, kaka yake mama, amefundisha watu udereva kwa miaka ishirini na miwili. Amewafundisha wauguzi, mafundi bomba, walimu wakuu wawili, na mzee mmoja ambaye jicho lake la kushoto lilikuwa pambo tu. Wote walipata leseni. Msimu ule wa joto zamu ikawa yangu, mtoto wa dada yake, na kwangu akakwama kama mwiba kooni.

Nyumbani wananiita Kitinda, kwa kuwa ndugu zangu wanne walitangulia na mimi nikafunga mlango. Kitinda mimba hakui, anarefuka tu. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimemaliza chuo, nimepata kazi ya kufunga mikate bekari, tena nimepanga chumba changu mwenyewe, cha kwanza maishani, na bado mama alinipigia simu kila adhuhuri kuniuliza kama nimekunywa maji. Siku niliyohamia, kitanda kilikataa kupita mlangoni. Nikamwita seremala, akakikata miguu, akairudishia ndani kwa misumari, na tangu hapo nikilala upande wa ukutani kinalia. Mama alifika jioni ile ile na kufuli yake mkononi, maana ya mwenye nyumba hakuiamini. Kufuli ilikuwa na funguo tatu. Alinipa mbili.

Sasa, pale bekari kulikuwa na gari dogo la kusambazia mikate, na dereva wake alikuwa anastaafu. Mwenye bekari, mama mmoja asiyependa kurudia maneno, aliniambia kwamba shule zikifunguliwa maoda yatakuwa mara tatu, na anataka dereva kabla ya siku hiyo. Nikiwa na leseni, gari ni langu. Nisipokuwa nayo, atabandika tangazo mlangoni, na waombaji hawatakosekana. Kufunga mikate ni kusimama saa nane mbele ya tanuri, na msimu wa joto humo ndani hata ukuta unatoka jasho. Niliitaka ile kazi ya udereva kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nilikuwa na wiki saba.

Mtu angedhani mwenye mjomba mwalimu wa udereva ameshafika. Nami nilidhani hivyo.

Shule ya mjomba ni chumba kimoja cha ofisi, uwanja wenye koni sita, na gari moja jeupe ambalo wanafunzi waliliita Bibi Harusi, kwa sababu kila mtu analitazama na hakuna anayeruhusiwa kuliharakisha. Kama magari yote ya kufundishia, lina breki mbili: moja ya dereva, nyingine chini ya miguu ya mwalimu, ili mwanafunzi akipotea, mwalimu asimamishe. Kioo cha upande wangu hakikushuka. Usukani, ukilikuta gari limeegeshwa juani, ulibidi uushike kwa kitambaa.

Wiki ya kwanza nilizima gari mara kumi na nne, nikalala chali kitandani kwangu nikicheka peke yangu. Wiki ya pili nilijua gia. Ya tatu niliingia barabara kubwa. Na hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu Bibi Harusi alianza kusimama.

Naenda zangu, gia ya pili, barabara nyeupe mbele, mara gari linashika breki. Si kupunguza mwendo, kusimama kabisa. Nyuma yangu honi. Mjomba anageuza shingo taratibu, ananiuliza kwa sauti ya mwalimu ni kitu gani nimekiona. Namwambia sijakanyaga breki. Anasema gari halina akili, halisimami lenyewe. Tunaondoka tena, tunafika kwenye mzunguko, nahesabu nafasi yangu, nakanyaga mafuta niingie, na gari linasimama tena, pua ndani ya mzunguko na mkia nje. Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilifunzwa na kaka wa mamangu, na ulimwengu ukakaa foleni nyuma yetu ukipiga honi.

Mjomba alikuwa na sharti moja ambalo hakumlegezea mtu. Fomu ya kwenda kwenye mtihani lazima isainiwe na mwalimu, na yeye hakumsainia mwanafunzi anayeshika breki bila sababu. Alisema dereva mwoga anaua watu kuliko dereva mlevi. Kila Alhamisi nikimaliza somo namsogezea fomu, kila Alhamisi anairudisha mezani kwa kidole kimoja.

"Bado una woga kwenye mguu," anasema. "Haraka haraka haina baraka."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, Mjomba."

Anacheka, ananipa maji, tunaagana. Na mimi natembea hadi chumbani kwangu na hasira inanitoka masikioni.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba nilianza kumwamini. Nililala nikiutazama mguu wangu wa kulia. Nikaukemea. Nikaenda kazini na viatu vyembamba ili niusikie vizuri unapokanyaga. Mama alipopiga simu akaniuliza kama nimekunywa maji, nikamwambia huenda mwanao ana ugonjwa wa mguu. Akasema hayo yote ni haraka ya nini, gari la mikate litakimbilia wapi, mbona kufunga mikate ni kazi nzuri ya kivulini. Nikakata simu kabla sijasema neno ambalo ningelijutia.

Wiki ya sita, ikiwa imebaki nafasi moja tu ya mtihani kabla ya shule kufunguliwa, na fomu zinapokelewa mwisho Ijumaa saa sita mchana, gari lilisimama katikati ya barabara iliyonyooka kama rula. Safari hii nilikuwa macho. Mguu wangu wa kulia ulikuwa juu ya mafuta. Nilitazama chini nikauona, palepale ulipo, haujasogea. Nikamtazama mjomba. Alikuwa ameketi wima, mikono magotini, macho mbele, uso wa mtu aliyeko msibani.

"Mjomba, umekanyaga wewe."

"Mguu wangu umelala tangu tulipotoka," akasema, na aliyasema kwa moyo safi kiasi kwamba nilijua hatukuwa na la kubishana. Huwezi kumshinda mtu anayedanganya bila kujua.

Alhamisi ya mwisho nilitoka bekari na kiganja cha unga kwenye mfuko wa aproni. Nilifika mapema, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba akaendelea kutafuta miwani yake ofisini. Mama alikuwepo, ameketi kwenye benchi nje. Alikuwa amepita kuniletea mto, eti ule wangu mwembamba. Nikaenda kwenye gari, nikainama upande wa mwalimu, nikaipaka breki yake unga mpaka mistari ya mpira wake ikafunikwa. Nikapangusa mkono. Mama akaniuliza natafuta nini huko chini, nikamwambia natafuta haki yangu.

Tuliendesha saa nzima. Gari lilisimama mara tisa. Mara tisa zote sikusema kitu, na mjomba akadhani hatimaye nimepata adabu. Njia nzima alinihubiria habari za woga. Tuliporudi uwanjani alishuka, akafunga mlango, akatembea kuelekea ofisini kwa hatua zake za kiungwana, viatu vyake vyeusi vimeng'arishwa, na nyuma yake kwenye sakafu ya saruji zikabaki nyayo nyeupe. Za mguu wa kulia peke yake. Kutoka mlango wa gari mpaka mlango wa ofisi, kama vile gari lilikuwa limeshusha mtu wa mguu mmoja.

Mama ndiye aliyeziona kwanza. Akacheka mpaka akaukumbatia ule mto.

"Kaka, hebu geuka," akamwambia.

Mjomba akageuka. Alizitazama nyayo, akainua mguu akatazama soli, kisha akanitazama mimi, na mimi nikageuza mifuko ya aproni yangu nje. Nilikuwa nimejiandalia maneno wiki nzima, maneno mazito ya mtu aliyedhulumiwa, lakini uso wa mjomba haukuwa wa mtu aliyefumaniwa. Ulikuwa wa mtu aliyeogopa. Kumbe kweli hakujua.

Aliingia ofisini. Nilidhani anafuata kalamu. Akatoka na spana, akavua viatu, akajilaza kwenye sakafu ya Bibi Harusi miguu ikiwa nje, mtu wa miaka hamsini na tisa na shati lake la kazi, akaifungua breki yake mwenyewe. Ilichukua muda. Bolti moja ilikuwa na kutu akaitukana kwa sauti ya chini. Kisha akaiweka ile breki mapajani mwa mama, ikiwa bado na unga, akamwambia ashike.

Mama aliacha kucheka. Alimuuliza kaka yake siku ya kwanza walikubaliana nini.

Nikauliza walikubaliana nini.

Ikabainika kwamba mama alimwambia mjomba, kabla sijagusa usukani, kuwa akimrudishia huyu mtoto na mkwaruzo hata mmoja, undugu wao umekwisha. Mama akasema alitania. Mjomba akasema hakumsikia akicheka. Nilisimama pale katikati yao, jua limetuwakia utosini, nikiwaza wiki sita za maisha yangu, honi zote zile, mguu wangu nilioutukana bure, nikashindwa nianze kumkasirikia nani. Niliwakasirikia wote wawili kwa pamoja, kwa kubana matumizi ya nguvu.

"Panda," mjomba akaniambia.

Tulitoka wawili, yeye hana kitu chini ya miguu ila kapeti la mpira. Nilipita mzunguko mara mbili, kwa kusudi. Bibi Harusi hakusimama hata kidogo. Nilishika gia ya tatu kwa mara ya kwanza katika barabara ile, nikagundua kumbe barabara yenyewe ni fupi. Mjomba alishika mkanda wake wa usalama kwa mikono miwili, jasho linamtiririka shingoni. Njiani kurudi, mbele ya duka la vitanda, mkokoteni uliojaa magodoro ukachomoka kichochoroni bila kuuliza mtu. Nilikanyaga. Nilisikia kishindo upande wa kushoto kwangu nikadhani tumegonga. Hatukugonga. Lilikuwa teke la mjomba kwenye kapeti. Kati yetu na godoro la mwisho ulibaki upana wa mkono.

Mwenye mkokoteni akapita zake.

"Umesimama," mjomba akasema.

"Nimesimama."

"Mimi sina breki."

"Najua, Mjomba. Umeifungua mwenyewe."

Akajifuta uso kwa leso. Nikamuuliza mbona wanafunzi wote miaka ishirini na miwili aliwaachia gari, hata yule mzee wa jicho moja, kwa nini mimi.

"Wale mjomba wao si mimi," akasema, na akaniambia niwashe indiketa, tunazuia watu.

Alisaini fomu juu ya boneti ya gari, ikiwa bado ya moto, akaunguza kiganja. Ijumaa saa nne nilikuwa kwenye dirisha la ofisi ya leseni naikabidhi. Jumanne jioni aliifunga breki yake tena kwa ajili ya mkaguzi wa mtihani, na Jumatano mkaguzi alikaa pale dakika ishirini na tano bila kuigusa, akiandika, akipiga miayo. Nilifaulu. Nilipompigia mjomba kumwambia, akaniuliza kama niliangalia kioo cha pembeni kabla ya kuegesha.

Mwenye bekari alinipa ufunguo wa gari siku shule zilipofunguliwa, bila hotuba. Trei arobaini za mikate, maduka kumi na saba, kantini tatu za shule. Duka la sita liko mtaa wa nyumbani, na mama alikuwa amesimama mbele yake, amevaa viatu vya kutokea, mkoba begani. Akasema anakwenda sokoni na ingekuwa ajabu kama mwanawe angempita na gari tupu. Halikuwa tupu na soko halikuwa kwenye njia yangu. Nikamfungulia mlango.

Alikaa wima kama mgeni. Alisifu viti. Alisema gari linanukia vizuri. Tulipofika kwenye mteremko wa kuelekea sokoni, mbele yetu lori likawasha taa za breki, nikapunguza mwendo, na upande wa kushoto nikasikia tap. Kisha tena, tap. Nilitazama chini. Mama yangu, ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli, alikuwa anakanyaga sakafu kwa mguu wa kulia, kwa nguvu zake zote, macho yako barabarani.

Damu ilinichemka. Nilikuwa na leseni mfukoni, nilikuwa na kazi, nilikuwa na chumba ambacho ufunguo wake wa tatu ulikuwa ndani ya mkoba ule ule alioupakata.

"Mama," nikamwambia, "huko hakuna breki."

"Najua," akasema, na mguu hakuuondoa. "Wewe endesha."