Safari ya Kumpeleka Salimu kwa Watu wa Mawe

Nyinyi jamaa zangu wa Likoni mnanijua. Kila posa ya upande huu, tangu Mtongwe hadi Timbwani, mimi ndiye ninayetangulizwa kusema. Nikisimama na kofia yangu ya kazi, hata baba mkali hulegea na kuomba kahawa iletwe. Kwa hiyo dada yangu Mwanasiti aliponijia na kuniambia nimpeleke mwanawe Mikindani kwa watu wa mawe, nikamsemee, sikushangaa kuchaguliwa. Kilichonishangaza ni hayo mawe.

Habari yenyewe ilianza na Hemedi, mchora ramani, mtu wa Kisauni. Alikuja kwetu pamoja na kikosi cha serikali kilichokuwa kikikagua visima, akalala kwangu. Salimu hakubanduka ubavuni mwake. Hemedi alipokuwa akiondoka alituambia kwamba imewekwa siku moja, pale kambini kwao Mikindani, ya kukutanisha vijana wa pwani hii ya Mombasa wanaopenda kazi ya miamba na wenyewe wa kazi hiyo. Kila kijana alete mawe ya kwao. Watakaofaa watachukuliwa safari ya kuelekea Mazeras, wajifunze kwa mikono yao, na mwenye bidii ataendelezwa.

Vita vilikuwa vimekwisha, ingawa sukari na nguo bado tulizipigia foleni, na kijana aliyemaliza shule kama Salimu angepata ukarani bandarini bila taabu. Mama yake ndivyo alivyotaka. Marehemu Bakari, baba yake Salimu, alikuwa mchimba visima, na kisima ndicho kilichomfukia, Salimu akiwa bado hajaota meno ya pili. Tangu siku hiyo Mwanasiti akikiona kisima hupita mbali. Sasa fikirini amekaa na mwana wa pekee anayeleta mawe nyumbani na kuyapanga chini ya kitanda.

"Nimemkataza hata nimechoka," aliniambia. "Mpeleke, Athumani. Umsemee vyema, wasije wakasema wameletewa mtoto asiye na mtu. Lakini wakimkataa, basi. Aende bandarini, na mawe yasiingie tena nyumbani mwangu."

Salimu alikuwa mlangoni, akayasikia yote. Tangu utoto kijana huyu huulizwa maneno kumi akajibu moja, nami nilijiambia kwamba ndiyo sababu Mungu alimpa mjomba kama mimi.

Alfajiri, Likoni. Mwanasiti alitukabidhi kikapu, na ndani yake mawe yaliyofungwa kwa leso yake mpya, ile ambayo hata arusini hakuivaa. Alikuwa ameifunga kwa mafundo ya kukata na shoka.

"Msifungue njiani," alisema. "Mtafungua mbele ya wenyewe."

Salimu alimbusu mkono, naye akamsomea dua huku akitazama upande mwingine ili tusimwone macho.

Kwenye feri tulisimama kati ya wanawake wenye mihogo na wachukuzi wa bandarini. Harufu ya mafuta ya nazi ilikuwa ikinifuata tangu nyumbani. Nilidhani Mwanasiti ametutilia mikate ya sinia kikapuni, nikaanza kuingoja kwa hamu. Salimu alikuwa ameinama akitazama ukingo wa jabali pale maji yanapolimega.

"Mjomba, huliona lile lilivyokatika?"

"Naliona jiwe."

Akacheka kidogo.

Kutoka ng'ambo tulipata basi hadi Makupa, na hapo tukashuka kwa sababu lenyewe lilichoka kabla yetu. Tukavuka daraja kwa miguu. Garimoshi lilitupita likielekea bara, likatumwagia moshi mpaka kofia yangu ya kazi ikapata rangi nisiyoinunua. Nilikuwa nikijifunza hotuba yangu kwa sauti ya chini, na kila nilipofika mahali pazuri nilijikuta nasema peke yangu, kwani Salimu alikuwa amebaki nyuma akigusa udongo.

Tulipofika Changamwe, Salimu alinitia aibu kabisa. Mahali barabara ilipokata kilima alipanda ukingoni kwa kanzu safi aliyoshonewa kwa ajili ya siku hiyo, akabandua kipande cha mwamba wa kijivu, kikafunguka matabaka matabaka kama chapati. Wapita njia walisimama. Nikamwita ashuke. Alishuka na vumbi hadi magotini, na uso uliokunjuka kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona nyumbani kwao. Nilimkung'uta kanzu kwa ukali kuliko ilivyohitajika.

"Ukiingia kwa watu uwe kimya," nilimwambia. "Maneno niachie mimi."

"Naam, mjomba."

Baada ya adhuhuri tulifika Mikindani kwa Baba Daudi. Mtu huyu ni Mrabai, Mkristo, rafiki yangu wa miaka mingi: mimi humpelekea nazi, yeye huniletea mahindi, na kila mmoja wetu huamini kwamba mwenzake ndiye anayefaidi. Alitupokea kwa mikono miwili. Alimshika jogoo wake, akanipa kisu.

"Mchinje mwenyewe, Mzee Athumani, mle kwa roho safi."

Tukiwa tunakula ndipo nilipojua kuwa mwanawe, Daudi, naye anakwenda kambini kesho kwa jambo lile lile. Nikalirudisha tonge sahanini. Nafasi hazikuwa nyingi, Hemedi alikuwa amesema hivyo, na hapa nimekaa nakula kuku wa mshindani. Daudi, mtoto mchangamfu, alileta jiwe lake: la kijivu, lina umbo la konokono aliyejikunja, kila mkunjo ukionekana. Salimu alilishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga.

"Na wewe umeleta gani?" Daudi akauliza.

Nilimkonyeza Salimu. Nilimkonyeza mpaka Baba Daudi akaniuliza kama nimeingiwa na kitu jichoni. Salimu akasema, "Yamefungwa na mama. Lakini nitakueleza." Akachukua kijiti, akachora mchangani visima vyetu vyote. Wale wawili hawakuinua vichwa mpaka walipoitwa mara ya tatu kunawa mikono. Mimi nilinuna, nikajilalia mapema.

Asubuhi tulikwenda kambini, wavulana mbele, sisi wazee nyuma. Kulikuwa na mahema na meza ndefu ya mbao iliyojaa mawe. Wenye kazi walikuwa wameketi juu ya masanduku: Hemedi na ramani zake, mtu wa mashine ya kutoboa ardhi, wapimaji, na mkubwa wao Mzungu, ambaye watu wa pale walimwita Bwana Nyundo. Vijana walikuwa wakitoka kwa huyu wakienda kwa yule, wakiuliza kazi yake ikoje, alianzaje, alijifunza wapi. Nilitafuta mahali anapokaa mshenga, sikupaona.

Zamu ya Salimu ilipofika nilisimama mbele yake, nikaweka kofia sawa. "Waungwana," nikaanza, "tumekuja kwenu tukiwa na haja, na mwenye haja hutangulia kwa heshima. Nyumba tutokayo ni nyumba ya watu wanaojua..."

Bwana Nyundo aliinua mkono. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, kimechongoka. "Mzee, salamu yako mimi nashukuru. Lakini hii kijana yeye nasema nini?"

"Mimi ndiye nimsemeaye."

"Yeye iko mdomo?"

Watu wakacheka. Naapa, katika posa zote nilizosimamia sijakatizwa hivyo. Hemedi aliinuka, akanishika mkono taratibu.

"Mzee wangu, ndoo uketi nami hapa. Usione ni dharau. Kazi hii mtu hasemewi. Wataka wamjue yeye mwenyewe, kesho yu peke yake porini."

Nikaketi juu ya sanduku, na hotuba yote imebaki kifuani.

Salimu alihangaika na mafundo ya mama yake, akafungua leso. Mawe yaling'aa! Mwanasiti alikuwa ameyaosha, akayasugua, kisha akayapaka mafuta ya nazi, kila tundu, mpaka yakameremeta kama watoto waliotayarishwa kwenda Idi. Ndipo nilipojua kuwa hakukuwa na mkate wa sinia. Kwetu kitu hakipelekwi ugenini na vumbi lake, na dada yangu alikuwa ametenda kama alivyolelewa.

Bwana Nyundo alikuwa na kichupa cha dawa kali. Jiwe lenye chokaa likidondoshewa hiyo dawa hutoa povu, na jiwe la Daudi lilikuwa limetoa povu vizuri. Alichukua jiwe kubwa la Salimu. "Hii nini?"

"Jiwe la matumbawe, Bwana. La kwetu Likoni. Ndilo tunalochomea chokaa."

Tone likadondoka. Likakaa juu ya jiwe, likateleza, likaanguka mezani. Halikutoa hata povu moja. Akadondosha la pili, hali ile ile. Bwana Nyundo alikunja uso, akamtazama Salimu kama anayejiuliza ikiwa kijana huyu anajua kweli alichokibeba. Mtu wa mashine akatikisa kichwa. Nilimwona Mwanasiti moyoni mwangu, nikaona mawe yakitolewa chini ya kitanda, na kijana akienda bandarini na uso wake wa zamani. Nilinyanyuka nimsemee. Hemedi akanibana goti.

Salimu aliliinua jiwe, akalinusa. Akapitisha kidole juu yake, na nikajua ameelewa.

"Bwana, limepakwa mafuta," alisema. "Mama yangu amelipaka. Hakutaka nije mbele yenu na kitu kichafu. Naomba nyundo."

Hakuona haya. Alilisema kwa sauti ya kumheshimu, kama mtu anayemtambulisha mama yake mbele ya wageni. Kabla Bwana hajajibu, Daudi alikuwa amekwisha mpa nyundo yake mwenyewe. Salimu akapiga pigo moja, jiwe likapasuka mapande mawili, ndani jeupe na kavu. Tone likaanguka hapo. Povu likachemka mpaka tukalisikia.

"Sasa nambie," Bwana Nyundo akasema, akaketi.

Basi Salimu alisema. Yule wa neno moja alisema mpaka nikasahau kuwa nimekatizwa. Alieleza ardhi ya kwetu kutoka juu kwenda chini: udongo mwekundu, kisha mchanga wa manjano, kisha jiwe hili lenye maji.

"Mchimbaji akilifikia jiwe hufurahi," alisema, "huona miguu imepata pa kusimama. Lakini mchanga ulio juu yake hapo umelowa, na hapana kinachoushika. Hapo ndipo baba yangu alipofukiwa. Nimevitazama visima vyote vya mtaani kwetu. Mahali pengine mchanga ni mwembamba, pengine ni mnene kumpita mtu. Nataka kujua jinsi ya kuutambua kabla mtu hajashuka."

Kwa miaka yote ile sikumsikia akimtaja baba yake. Tulidhani amesahau, kumbe alikuwa akimtafutia jibu. Machozi yalinitoka mbele ya watu, nikayafuta kwa kofia yangu ya kazi.

"Mchanga hiyo natoka wapi?" Bwana Nyundo aliuliza.

"Mtoni, Bwana."

"Hapana." Alimwita karibu, akachukua jiwe dogo la mchanga ulioganda, akamwonyesha vipande vya kombe ndani yake, vidogo kama punje za mtama. "Hii bahari. Wewe hapana jua bado. Utajifunza."

Neno hilo la mwisho ndilo tuliloliendea. Akamwuliza Daudi kama wanajuana tangu zamani. "Tangu jana," Daudi akajibu. Bwana akacheka, akasema hao wawili watakwenda pamoja, hema moja. Mtu wa mashine, aliyekuwa akitikisa kichwa, alimwita Salimu amwonyeshe jinsi chuma kinavyoshikilia kuta za shimo. Hemedi alimwambia safari ikiisha awe akifika kwake Kisauni kila Ijumaa baada ya sala, amfundishe kuchora. Mimi na Baba Daudi tulibaki tukitazamana, tukatambua kwamba hapana aliyetuhitaji, tukaenda kunywa chai.

Wakati wa kuagana Salimu alinipa nusu moja ya lile jiwe, ameifunga katika leso. "Mpe mama," alisema. Kisha akanishika mkono, hakuuachia upesi. "Na wewe mjomba, ahsante kwa kuketi."

Njia ya kurudi niliipita peke yangu. Changamwe, pale kilima kilipokatwa, nilisimama. Nikatazama huku na huku, na nilipoona hapana mtu nikabandua kipande cha ule mwamba, nikakifungua. Sikuona kitu, lakini nilikitia mfukoni. Hotuba yangu bado nilikuwa nayo nzima, nikaitafutia mahali pa kutumika kesho na keshokutwa, kisha nikaiacha. Nimewasemea vijana wengi na sijutii, ila kabla ya Mikindani sikuwahi kuwauliza wenyewe wana nini cha kusema.

Magharibi ilikuwa imekaribia nilipoteremka feri Likoni. Mwanasiti alikuwa pale akingoja, amejifunika buibui, na aliponiona niko peke yangu akaweka mkono kifuani.

"Amechukuliwa," nikamwambia. Neno hilo tu. Mimi, Athumani.

Alilia, na sikujua sehemu ipi ilikuwa furaha na ipi hofu, wala sidhani yeye alijua. Tukatembea. Karibu na nyumbani akauliza, "Na mawe? Waliyapenda?"

"Salimu aliwaambia mbele ya wote kwamba ni wewe uliyeyatengeneza."

Akatabasamu. Nikampa leso. Aliifungua akiwa ameketi kizingitini, akaliona jiwe limevunjika, huku linang'aa, huku jeupe na kavu. Alilishika muda mrefu. Nikamweleza yote: tone, povu, mchanga uliolowa, na Salimu alivyomtaja baba yake. Hakunikatiza.

Kisha aliingia ndani, akatoka na kichupa cha mafuta ya nazi. Akamimina kidogo kiganjani, akaupaka upande wa nje pale vumbi la safari lilipoufifisha. Akaligeuza. Mkono ukasimama juu ya ule weupe.

"Upande huu niuwate hivi hivi, nisiupake?"

"Uwate hivi hivi, dada."

Akajifuta kiganja kwa leso, akaenda kuliweka jiwe chini ya kitanda cha mwanawe, upande mkavu ukiwa juu.