Nilikimbiza Rubisi ya Posa Hadi Ukweni

Naanza kwa kukubali kosa, maana nikianza na maelezo nitajitetea, na sina cha kujitetea. Aliyefungua kile kibuyu njiani ni mimi. Si Ba' mdogo, si jua, si ubovu wa barabara. Ni mimi, mwanaume wa miaka arobaini na minne, na sababu yenyewe ni mbio za baiskeli!

Msicheke kwanza. Au chekeni tu, maana hata mimi nacheka huku naandika, halafu roho inaniuma.

Mimi ni mtu wa Kanazi, Bukoba Vijijini, ila mguu wangu haukai. Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda Mwanza, nikahamia Geita, kisha nikaishi na wavuvi kwenye visiwa vya Muleba. Kote huko nilikuwa naota migomba ya nyumbani. Nikifika nyumbani, naota ziwa. Mwaka juzi nikarudi tena, nikaikuta baiskeli ya marehemu baba imening'inia jikoni, nyeusi kwa masizi.

Baba alipenda kutusimulia habari za baiskeli ile. "Nilitoka hapa na mkungu wa ndizi kwenye keria, nikafika Kamachumu umande haujakauka!" Tukiwa wadogo tulikuwa tunamtazama miguu tu.

Basi nikaishusha. Nikaisugua masizi, nikaiwekea cheni mpya, nikang'oa madigadi yote mawili ili iwe nyepesi. Kata ilikuwa imetangaza mashindano ya baiskeli, nami nikaapa mambo mawili: nitashinda, na nitafika Kamachumu mapema kuliko baba.

Jamani, kasi ni tamu! Hakuna aliyeniambia kwamba mtu wa umri wangu anaweza kushuka mteremko huku shati limejaa upepo, machozi yanakimbilia masikioni, na mdomo unapiga kelele peke yake. Wiki ya kwanza nilifika Kemondo wanafunzi wakiwa mapumziko ya saa nne. Baada ya miezi miwili nilikuwa nafika wakiwa bado wanafagia uwanja. Nilikuwa nalala miguu nimeiegemeza ukutani ili damu ishuke. Nilitangazia kijiji kizima kwamba mwenye mzigo alete, nabeba bure, maana ukizoea kupanda kilima na mzigo, siku ukiutua unapaa.

Sasa sikilizeni kosa lilipoingia.

Mdogo wangu Kamugisha alikuwa amempenda Koku, binti wa Kamachumu, kwa miaka. Baba yake Koku alikuwa hataki. Alisema wazi kwamba ana shaka na ukoo ambao kaka mtu anatangatanga visiwani kama hana kwao. Kaka mtu ndiye mimi! Mwishowe mzee akalainika, akasema twende tukajitambulishe, na rubisi ije.

Rubisi ni pombe yetu ya ndizi. Ya posa aliipika Ba' mdogo, mdogo wake baba, mzee ambaye hajawahi kusikia mtu akiikosoa pombe yake. Akaijaza kwenye kibuyu kikubwa, akaziba mdomo kwa jani la mgomba alilolisokota, akafunga kwa kamba ya mgomba kwa fundo lake mwenyewe. Fundo hilo hafungui mtu ila baba mkwe. Likifika limefunguliwa, maana yake mmewaletea wakwe masalia.

Gari la kukodi likajaa wazee na mikungu ya ndizi. Ba' mdogo akataka kupakata kibuyu.

"Nipe mimi, Ba' mdogo," nikasema. "Nitatangulia na baiskeli."

Akanitazama. "Rubisi hii bado inachemka. Inataka kupumua. Utatembea nayo taratibu?"

"Nitatembea taratibu."

"Sema tena."

"Taratibu, Ba' mdogo, naapa!"

Nikakiweka kwenye tenga juu ya keria, nikakizungushia majani makavu, nikatoka alfajiri. Na kweli hadi karibu na Kemondo nilikwenda kama nimebeba mayai.

Ndipo akanipita mwanamke. Dada mmoja mchuuzi wa dagaa, kiroba kimefungwa nyuma, kanga kiunoni, anapiga pedali huku anatafuna muwa!

"Kaka, unaendesha au unasindikiza?" akauliza.

"Nina mzigo wa heshima, dada."

"Na mimi wangu wa matusi? Haya, wasalimie konokono!"

Akatokomea. Jamani, mimi! Mimi niliyefanya mazoezi miezi mitatu! Miguu ikaondoka bila kuniuliza.

Nikamfikia, akanipita, nikamfikia tena. Tunacheka wote kama wehu. Mara nikahisi mgongo umelowa. Povu la rubisi lilikuwa linatoka kwenye jani na kunitiririkia mpaka kiunoni. Mtu mwenye akili angepunguza mwendo. Mimi nilisimama, nikakata fundo la Ba' mdogo, nikatupa jani, nikaziba mdomo kwa mfuko wa plastiki na kuukaza kwa mpira wa tyubu, raundi baada ya raundi, mpaka hata pumzi isingepita. Nikajisifu kwa ufundi huo! Kisha nikamfukuza yule dada hadi Muhutwe, alikoingia sokoni akinipungia muwa.

Kilima cha kupanda Kamachumu nilikipanda nikiwa nimesimama kwenye pedali. Jua likapanda nami. Kibuyu nyuma kilikuwa kimya. Nilidhani kimetulia, kumbe kimekasirika.

Nikaingia uani kwa wakwe kwa kasi ya mashindano. Akina mama wakapiga vigelegele. Baba yake Koku alikuwa mlangoni, kanzu nyeupe, koti juu. Nyuma yake mkewe ametokeza na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile ambayo mgeni akipewa ameshapokelewa. Nikafunga breki, nikatazama saa, nikainua mikono yote miwili juu kama bingwa.

PUUU!

Mpira ulipaa juu ya paa. Rubisi ikaruka, ikamlowesha baba mkwe kuanzia kofia mpaka viatu. Kuku wakakimbilia kwenye migomba. Kibuyu kikabaki robo, kinatoa povu kama mbwa mwenye kichaa. Na mimi bado mikono iko juu!

Mzee akajipangusa macho, akainama, akaokota kipande cha mfuko wa plastiki.

"Fundo liko wapi?"

Hapa ndipo dhambi yangu hasa ilipo. Pombe kumwagika ni ajali. Lakini mdomo wangu ukasema, "Waitu," ndivyo tunavyomwita mtu kwa heshima, "mzee wa nyumbani ndiye aliyefunga hivyo."

Sijui ilitoka wapi! Muda si mrefu gari likafika. Ba' mdogo akashuka na fimbo yake, anatabasamu, anangoja sifa. Baba mkwe akamwonyesha ule mfuko.

"Kwenu ndivyo mnavyofunga rubisi ya posa?"

Ba' mdogo akautazama mfuko, akanitazama mimi, akautazama mgongo wangu uliolowa. Alijua. Angeweza kusema neno moja tu na kunivua nguo mbele ya watu. Hakusema. Aliinamisha kichwa, akabeba aibu ambayo si yake.

Mama yake Koku akageuka na kikapu cha kahawa, akakirudisha ndani. Jamani, sijawahi kuona mgongo wa mtu ukifunga mlango namna ile. Kamugisha alikuwa amesimama karibu na gari na suti yake mpya. Hakunitukana. Aliniuliza tu, kwa sauti ya chini, "Kaka, ulikuwa unakimbilia nini?"

Wiki tatu hakuzungumza nami. Koku alizuiwa kuja Bukoba. Ba' mdogo, ambaye siku zote aliniita "mwanangu", akaanza kuniita kwa jina langu la shuleni. Hilo liliniuma kuliko fimbo.

Nikashindwa kuvumilia. Nikapanda baiskeli peke yangu hadi Kamachumu, nikapiga magoti palepale uani, nikamwambia baba mkwe kila kitu: dada wa dagaa, mpira, uongo. Nilipofika kwenye konokono nikaona mashavu yake yanacheza.

"Kwa hiyo hamkunywa," akasema.

"Hata tone, waitu. Nyingi niliivaa."

Akajishika mashavu yatulie. "Leteni rubisi nyingine. Na uilete wewe mwenyewe. Lakini baiskeli uisukume kwa mkono, kutoka kwenu mpaka hapa. Yule mzee wenu aje nawe, ashuhudie."

Mnajua siku aliyoipanga? Siku ya mashindano ya kata!

Nikatoka Kanazi kabla ya jua, nasukuma. Ba' mdogo nyuma yangu juu ya bodaboda iliyokwenda mwendo wa harusi. Karibu na Kemondo washindani wakaanza kunipita, mmoja mmoja, wamelala juu ya usukani. Aliyekuwa mbele yao wote ni nani? Dada wa dagaa, bila kiroba!

"Kaka!" akapaza sauti. "Leo umeshuka kabisa!"

Miguu yangu ilitetemeka kama ya ng'ombe aliyeona majani. Nikashika usukani kwa nguvu. Nikaendelea kutembea.

Katikati ya kilima cha Kamachumu Ba' mdogo akasimamisha bodaboda, akashuka, akaweka sikio kwenye kibuyu.

"Inapumua," akasema. "Na wewe pumua, mwanangu."

Mwanangu! Nikageukia migomba nikajipangusa uso.

"Baba alipita hapa umande haujakauka," nikasema, nipate la kusema tu.

Ba' mdogo akashangaa. "Baba yako? Baba yako alikuwa anatoka nyumbani jana yake mchana, analala Muhutwe kwa rafiki yake!"

Nilikaa chini barabarani nikacheka mpaka dereva wa bodaboda akaogopa. Miezi yote hiyo nashindana na mtu aliyelala njiani!

Tulifika jua limeegemea magharibi. Baba mkwe akafungua fundo mwenyewe, rubisi ikatoa pumzi moja, fyuuu, akaonja, akafumba macho. Mama akatoka na kikapu cha kahawa. Safari hii hakikurudi ndani. Kamugisha alitafuna punje yake huku ananitazama, nikajua nimesamehewa, ingawa hajaniachia kubeba kitu chochote tena. Kwenye harusi yao hata keki nilikatazwa kuisogelea.

Wenzangu mnaosoma, fanyeni mazoezi, kimbieni, shukeni miteremko mkipiga kelele. Ni tamu mno. Lakini ukikabidhiwa kitu cha mtu, tembea. Na ukishakimwaga, usimtupie mzee wako. Mimi sasa nasubiri mashindano ya mwakani. Dada wa dagaa nimeshamwambia ajiandae, nikamsimulia na habari za baba, naye akanijibu nianze kutoka leo, nilale Muhutwe.