Wifi Yangu Hanywi Maji Kazini

Wifi yangu, mke wa kaka, anaendesha winchi ya kunyanyulia mizigo kwenye karakana ya vyuma. Anakaa kwenye kibanda huko juu karibu na bati, na chini yake wanaume wanakata na kuchomelea. Ndiye mwanamke pekee chini ya lile paa. Wenzake wanamwita Ngamia, maana hawajawahi kumwona akinywa maji wala akishuka kwenda haja. Wanamsifu, eti mwanamke wa shoka. Mimi nikilisikia jina hilo damu inanichemka, kwa sababu najua lilikotoka.

Karakana ina choo cha wanaume kisicho na komeo. Kingine kiko ofisini, na ufunguo anatembea nao msimamizi. Siku za mwanzo wifi aliuomba. Alipouomba tena, msimamizi akamwambia mbele za watu, "Ndiyo maana tunasita kuwaajiri nyie. Kila saa mko chooni." Watu wakacheka. Tangu siku hiyo akawa haweki tone la maji mdomoni kuanzia alfajiri mpaka atoke kazini.

Akaanza kuugua. Daktari alimtibu maambukizi ya njia ya mkojo, yakarudi, akamtibu tena, na safari ya mwisho akamwambia waziwazi kwamba akiendelea hivyo figo zitaharibika. Kaka akasema, "Waambie basi."

"Wakinitoa kule juu tutakula nini, maneno?"

Kazi ya kaka mwenyewe ilishaota mbawa. Nami ninaishi nao, na kila wifi alipofunga mlango asubuhi roho yangu haikutulia, na simu ikiita mchana nilikuwa naiangalia kwanza kabla ya kuipokea.

Wiki iliyopita joto lilikuwa la kuua. Wifi alikuwa ameshanyanyua boriti ya chuma na kuifikisha katikati ya karakana, macho yakaanza kuingia giza. Chini ya boriti, mchomeleaji mmoja alikuwa ameinamia kazi yake, hana habari. Vidole vya wifi vikafa ganzi kwenye vishikio.

"Niliogopa mambo mawili kwa pamoja," aliniambia baadaye. "Kumwangushia mtu chuma, na kusema naumwa. Na naona aibu, wifi, maana nilisita kidogo nikiwaza lipi baya zaidi."

Akapiga honi. Watu wakatawanyika, akaishusha boriti polepole mpaka ikagusa sakafu. Kisha akashuka ngazi akijishikilia.

Msimamizi alikuwa anamsubiri chini. "Vipi, unaumwa?"

"Kiu. Sijanywa maji tangu alfajiri, kama siku zote. Nikinywa nitataka choo."

"Ufunguo si ninao mimi? Ungeniomba."

"Bosi, nina watoto wawili nyumbani, na siku hizi hata wao wanakwenda chooni bila kuniomba."

Safari hii hakuna aliyecheka. Yule mchomeleaji alivua kinyago chake, akaitazama boriti, akamtazama wifi. "Yaani hii ilikuwa juu ya kichwa changu, na wewe uko katika hali hiyo?"

"Ndiyo, kaka. Nisamehe."

Mchomeleaji akamgeukia msimamizi, akasema harudi chini ya ile winchi mpaka huyu mama apatiwe choo chake. Akazima mashine. Wa pili akazima, kisha wengine, hadi karakana ikawa kimya. Kabla ya saa ya kutoka, choo cha ofisini kilikuwa wazi na komeo jipya limepigwa kwa ndani.

Wifi alinisimulia jioni ile, hana hakika kesho watamkumbuka kwa honi au kwa choo. Mimi nilifurahi, siwezi kukataa. Lakini hasira haijanitoka mpaka leo. Kumbe figo za wifi yangu hazikutosha. Ilibidi kwanza kichwa cha mwanamume kiwe hatarini.