Mbio za Tumbo Tupu

Mama alitangaza mfungo Jumapili, tukitoka kanisani. Siku tatu, yeye na mimi, maji tu, ili nipate nafasi ya uaskari. Sikubisha. Nilikuwa nimekaa nyumbani kwetu Kimbo miaka miwili na digrii yangu ya baiolojia, nikilishwa na mshahara wake wa kiwandani.

"Mungu ndiye nguvu," aliniambia.

Nilijua kwamba ini huweka akiba ya sukari, na kwamba akiba hiyo haifiki siku mbili bila chakula. Lakini nikajipa moyo: mafuta yaliyo mwilini yangetosha. Nililiwaza jambo hilo mpaka likaanza kufanana na imani.

Jumatano asubuhi tulipangwa uwanjani Thika, vijana zaidi ya mia mbili. Mizunguko kumi na miwili. Thelathini wa kwanza ndio wangeandikwa nambari mkononi kwa kalamu ya wino mzito.

Mizunguko minane niliimaliza vizuri. Kisha miguu ikawa si yangu. Mafuta huungua polepole na hudai hewa nyingi. Mimi sasa nilitaka kasi, na kasi hutaka sukari. Nilihisi baridi juani. Nikajishika shingoni kuhesabu mapigo ya moyo, nikapoteza hesabu, nikaanza upya.

"Niaje, daktari!" Alikuwa mkulima kijana wa Ngoliba, tuliyesimama naye kwenye foleni. "Unajipima ama unakimbia? Unapumua kama pampu ya shamba!"

Mzunguko wa mwisho, mbele yetu watu walikuwa wakiandikwa. Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Amri ya kukimbia ilitoka kichwani ikapotelea magotini. Yule jamaa wa Ngoliba akanipita zikiwa zimebaki hatua kumi.

"Thelathini," afisa akasema, akamwandika mkononi, akafunika kalamu. "Wengine nyumbani."

Nilianguka kwenye nyasi. Jamaa akachuchumaa kando yangu, akiupuliza wino ukauke.

"Pole, buda. Si ulikuwa mbele yangu? Kwani asubuhi ulikula nini?"

Ningemwambia ukweli, angecheka, na kicheko hicho kingemfikia mama, aliyekuwa wakati huo amesimama kwenye mashine yake, midomo imekauka, akiniombea.

"Uji," nikasema. "Na nduma."

"Na bado ukazima?" Akatikisa kichwa. "Basi ni mwili wako tu."

"Eeh," nikamjibu. "Ni mwili."