Uchafu Chini ya Somo la Komunyo

Nilipostaafu ualimu hapa Litembo, niliamua kujifunza kutengeneza tovuti. Wakati wa mvua makatekista wa mwambao wa Ziwa Nyasa hushindwa kupanda huku milimani kwa semina, nami nilitaka masomo yawafikie kwenye simu. Namshukuru Mungu, mtandaoni yapo mafunzo ya bure kwa walimu, na kwa kwenda polepole nilijua kupanga vichwa, aya na picha. Ila kinyaa kilianza hukohuko. Somo limeandikwa vizuri, na pembeni yake tangazo, mwanamke nusu uchi anakuita ukabeti. Nilikuwa naziba upande ule wa kioo kwa kiganja, naendelea kusoma.

Aliyeyahitaji masomo yangu kuliko wote alikuwa katekista mmoja wa Mbamba Bay. Asingeyamaliza, asingepewa watoto wa Komunyo ya Kwanza mwaka ule. Mumewe, fundi wa injini za boti, alimkataza intaneti, aliiita jalala. Nilimpigia nikamhakikishia kwamba tovuti yangu ni safi.

Ili ipendeze, nilichukua kiolezo cha bure, yaani ukurasa aliokwisha kuupanga mtu mwingine, wewe ukatia maneno yako. Kilikuwa na mistari mingi nisiyoielewa. Sisi wakulima wa kahawa huhamisha mche na udongo wake, hatukung'uti mizizi. Basi sikukung'uta kitu. Nikahamisha vyote.

Jumapili mume akapiga simu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Masomo yamefunguka?"

"Yamefunguka. Hivi yule dada chini ya Komunyo, aliyevaa kamba tu, ni katekista wa parokia gani?"

Nikafungua. Chini kabisa ya sala ya kutubu alikuwapo, anacheka. Nilikuwa kama niliyekuta mate ya mtu kwenye maji ya baraka. Ile mistari nisiyoielewa ndiyo iliyomleta.

"Nipe wiki moja," nikamwomba.

"Wiki ya nini, mzee? Ya kumvalisha?"

Nilifuta kiolezo chote. Nikaandika ukurasa mwenyewe, mstari kwa mstari, maandishi meusi juu ya weupe. Kisha nikapanda basi dogo hadi Mbamba Bay.

Yule fundi alichukua simu mkononi, akashuka hadi mwisho wa ukurasa, akapanda, akabonyeza kila kona.

"Mbona pakavu hivi? Hata msalaba hakuna?"

"Hakuna."

"Na yule dada?"

"Nimemfukuza."

Hakucheka. Alifuta kioo kwa shati lake, akampa mkewe. "Soma. Lakini hapahapa, mbele yangu."

Mama wa watu akaanza kusoma kwa sauti. Nilishukuru, lakini kinyaa hakikunitoka: mwalimu wa imani, mtu mzima, anasoma sala akilindwa kama mwizi, kwa sababu ya uchafu wa watu wasiomjua.