Vuta, Bwana Iko Naangalia

Harufu ya spiriti na mafuta ya mashine ya kunyolea ndiyo inayonirudisha kwenye likizo ile ya Desemba, nikiwa darasa la nne. Papa, baba yangu, alikuwa kinyozi mtaani Overport, mbali na kwetu Kongo, katika chumba kilichopakana na duka la simu. Shule zilipofungwa nilishinda huko nikifagia nywele na kusikiliza hadithi yake moja tu. Ilimhusu afisa wa jeshi la majini la Waingereza ambaye, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alitumwa Kongo kupigana na Wajerumani kwenye Ziwa Tanganyika. Baharini hakuwa amepanda cheo sana. Huko Kongo akapewa boti mbili za vita, na milima ya kuzipitisha. Babu yake Papa alikuwa miongoni mwa waliozivuta kwa kamba.

"Boti juu ya mlima? Eish, fundi, leo umekunywa," wateja walimtania.

"Tena mkubwa mwenyewe alivaa sketi! Uliza kwetu Kalemi, kando ya ziwa."

Kisha aliinua mashine hewani na kuita kama wavutaji walivyoitana: "Vuta, Bwana iko naangalia!" Chumba kizima kiliitikia, "Tunavuta!" Nami nilicheka, halafu nikawaza njia nzima ya kurudi nyumbani: kama kamba ingekatika, babu angekuwa upande gani wa boti?

Januari, kabla shule hazijafunguliwa, mashine ilimponyoka Papa ikaanguka miguuni pa mteja. Mdomo wa Papa ulikuwa umepinda upande mmoja. Hospitalini walisema ni kiharusi, na kwamba huenda maneno yakarudi. Yalirudi yale ya wavutaji tu. Mama alipomuuliza anaumwa wapi, alimshika mkono, akamkazia macho, akasema, "Vuta, Bwana iko naangalia." Mama akanigeukia. "Wewe ndiye ulikuwa unashinda naye. Anataka nini?" Nilileta maji, akatikisa kichwa. Nilileta blanketi, nikafungua dirisha, nikawasha redio. Papa alilia, na mimi sikujua tena cha kuleta.

Sasa nina shahada ya historia niliyoisomea chuo kikuu, Westville, kazi bado sijapata. Kuhusu yule afisa nimesoma kila nilichokipata: vyeo vyake, meli alizotumikia, nishani, hata jinsi alivyopenda kujisifu. Naweza kukueleza alikuwa wapi karibu kila mwaka wa utumishi wake. Wavutaji wanatajwa kwa mkupuo, pamoja na ng'ombe.

Asubuhi ya leo Papa ameniita kutoka kitandani kwa maneno yake yale yale, polepole, mara mbili. Nilisimama mlangoni nikiwaza. Chai? Dawa? Mto umeteleza? Au ananiuliza jambo ambalo nimelisubiri tangu utotoni, na silitambui? Mwishowe nilikaa kando yake, nikamshika mkono, nikasema, "Tunavuta, Papa."

Akatikisa kichwa. Hicho nacho sicho.