Mwaka Aliosahihishiwa Mama

Mama yangu alitangazwa kufa miaka minne kabla mimi sijazaliwa. Nalisema hili mapema ili usije ukadhani nakuletea hadithi za mizimu. Sizipendi. Mimi ni msahihishaji katika kiwanda cha chapa hapa Praha, kazi yangu ni kutafuta makosa ya watu, na haya ninayoyaandika nimeyasoma upya mara tatu.

Aliyemtangaza alikuwa baba. Matouš Kadlec alikuwa mpanga herufi, na kwa miaka kumi na mitano meza yake ilikuwa ya karatasi za msiba, zile zenye ukingo mweusi tunazowatumia jamaa na kubandika kwenye mlango wa kanisa. Ukingo haukuguswa, ulikaa tayari kwenye fremu mwaka mzima. Kilichobadilika ni jina, umri na tarehe. Na baba alikuwa na mwiko mmoja, alioachiwa na mzee aliyemfundisha kazi: karatasi zikishatoka, jina lifumuliwe siku hiyohiyo, kila herufi ya madini ya risasi irudi kwenye kijumba chake kabla marehemu hajazikwa. Jina likiachwa limesimama, mwenyewe hapati njia ya kwenda. Wenzake walimtania kwamba anawahi kufumua kuliko padri anavyowahi kuzika. Hakujali. Katika miaka yote hiyo hakuna familia iliyomrudishia karatasi kwa kosa, na hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake, maana hakuwa na nyingine.

Mwezi wa nne, mwaka 1896, akaja Oldřich Rejsek. Mchana alikuwa karani wa ofisi ya kodi, jioni mshairi. Vijana wa aina yake walikuwa wengi mjini siku zile. Walivaa glavu za rangi ya zambarau, wakasifu homa, vuli, malkia wanaokata roho na maua yaliyoanza kuoza, na jua la mchana waliliona jambo la kishamba. Walisema uzuri haulazimiki kumfaa mtu yeyote. Siwezi kusema hawakujua kuandika. Nimevisoma vitabu vyao kwa jicho la kazi, na kuna kurasa zinazonisisimua mwili mpaka leo, na hilo ndilo linaloniudhi.

Rejsek alikuwa na kitabu cha mashairi juu ya bibi arusi aliyekufa, msichana ambaye hakuwahi kuwapo. Alitaka ukurasa wa kwanza uwe karatasi ya msiba ya msichana huyo.

"Jina nakuachia wewe," alimwambia baba. "Nikilitunga mimi litanukia mashairi. Wewe unajua jina la marehemu linavyokaa. Umri weka ishirini na sita."

"Na tarehe?"

"Kumi na sita Septemba. Mwaka huuhuu."

"Bwana, huu ni mwezi wa nne."

"Ndiyo utamu wenyewe. Aliyekwisha kufa ni habari ya gazeti. Huyu bado tunamngojea."

Baba hakuweza kubuni jina. Majina yote aliyoyajua yalikuwa ya watu aliokwisha kuwafumua, na kumrudisha mmoja wao mezani aliona ni kumsumbua. Basi akachukua la kwanza kwa mke wa mwoka mikate, akachukua la ukoo kwa kikongwe wa nyumba ya maskini, akayaunganisha. Aliamini kwamba nusu mbili za watu wawili haziwezi kumdhuru yeyote. Likatoka: Apolena Vrbecká.

Kitabu kilichapishwa nakala mia na ishirini. Rejsek akaagiza ukurasa ule usifumuliwe, ufungwe uzi na kuwekwa rafuni, kwa kuwa angetaka toleo la pili. Halafu, kwa kujifurahisha, yeye na rafiki zake wakabandika karatasi kadhaa kwenye milango ya makanisa, mpaka mtaa wa Karlín.

Siku ya tano mwanamke mwembamba aliingia kiwandani, karatasi mkononi.

"Nani hapa ameniandika?"

Akaisogeza karatasi mpaka kwenye meza yenye fremu ya ukingo mweusi, kana kwamba alijua.

"Mimi ndiye Apolena Vrbecká. Nashona glavu, naishi Karlín, nina miaka ishirini na sita. Sikuja kugombana, bwana. Nataka tu kujua nani alikwambia."

Jirani zake walikuwa wameanza kumpa pole. Mwenye nyumba alikuwa amemuuliza chumba kitakuwa wazi kuanzia lini. Baba alimweleza yote, la mke wa mwoka mikate na la kikongwe, naye akasikiliza mpaka mwisho, akaikunja ile karatasi, akaitia kifuani na kuondoka. Baba akaenda rafuni. Agizo la Rejsek hakulijali tena, akaukata uzi na kulifumua jina. Alinisimulia kwamba herufi zilikuwa na uvuguvugu, kama zilizotoka mkononi mwa mtu. Risasi iliyokaa rafuni haina joto, nami nilimwambia hivyo. Akasema, "Mwanangu, ni mimi niliyeishika."

Habari zilimfikia Rejsek upesi. Mtu mwingine angeona aibu. Yeye alinunua maua meupe yenye harufu nzito akaenda Karlín, na tangu siku hiyo hakukosa hata Jumapili moja. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha akimsomea kitabu chake. Mama alikuwa yatima, mchana kutwa ameinamia mishono, na hakuna mtu aliyewahi kumtazama usoni zaidi ya muda wa kupokea glavu. Sasa mabwana wenye fimbo za fedha walipanda ngazi zake wakavua kofia mlangoni. Walimsifu weupe wake. Naye akajitahidi uongezeke.

Baba alivumilia mpaka katikati ya Agosti, akaenda kumwona. Alimkuta amevaa shali juani, akishona glavu nyeupe za saizi yake mwenyewe.

"Karibu, Bwana Kadlec. Usikae hapo, hapo hukaa Bwana Rejsek."

"Umekula leo, dada?"

"Bwana Rejsek anasema njaa inanipendeza."

"Bwana Rejsek mwenyewe ana mashavu ya mwuza nyama."

Akacheka kidogo, na kicheko kikamchosha. Baba aliuona mkono wake ukipitisha sindano, na alinisimulia kwamba mwanga wa dirisha ulipenya kiganja mpaka upande wa pili.

"Unamlaumu bure," mama akasema. "Karatasi ni yako, si yake. Nimewauliza watu, wanasema wewe hujawahi kukosea. Au ulikosea?"

Miaka kumi na mitano bila kosa, na kila mtu wa fani yetu mjini alijua.

"Nilikosea," akasema. "Mwaka si huo."

"Ni upi basi?"

"Nitakuletea. Wewe kula."

Kesho yake alichapisha kikaratasi cha masahihisho, kama vile tunavyotia kwenye vitabu vyenye makosa. Tarakimu ya 1 na ya 9 alizipanga macho wazi. Zile mbili za mwisho aliziokota amefumba macho, kwa sababu hakujiona ana haki ya kuchagua. Zikatoka 2 na 6. "Ukurasa wa kwanza, kwa kosa la mpanga herufi: mwaka 1896 usomeke 1926." Akazunguka Praha nzima, dukani na majumbani mwa watu, akibandika kikaratasi katika kila nakala ya kitabu, na mahali walipokataa alibandika wakiwa wamegeuza kisogo. Ya mwisho ilikuwa ya mama. Alisoma, akahesabu kwa vidole, akauliza kama kuna supu mahali popote mtaani. Kulikuwa na supu ya viazi. Alikunywa mabakuli mawili.

Baba aliondolewa kwenye meza ya misiba. Familia hazikutaka tena mtu aliyekiri kosa. Rejsek alikuja kiwandani, uso umemwiva, akamwambia mbele ya wote, "Umemnyang'anya kifo chake kizuri, ukampa cha mke wa fundi." Baba akajibu kwamba mke wa fundi ni wazo zuri, na mwaka uliofuata wakaoana.

Mama niliyemjua mimi alikuwa mnene, mcheshi, mgomvi sokoni. Siku moja tu kwa mwaka hakutoka nje, tarehe kumi na sita Septemba. Siku hiyo alipika matonge ya unga yenye plamu ndani, akamchokoza baba mezani.

"Mchoyo wewe. Ungeshindwa kuweka hamsini na sita?"

"Nilifumba macho, mama Hedvika."

"Ungefumbua moja."

Baba alifariki 1921. Miaka mitano baadaye, Jumatatu ya tarehe kumi na tatu Septemba, mama alikuja kiwandani amevaa kofia ya kanisani. Nilikuwa nimezama kwenye kitabu cha hesabu cha shule, na wapanga herufi wawili walikuwa karibu wakitusikiliza.

"Hedvika, nichapishie kikaratasi kingine," akasema. "Kama kile cha baba yako."

"Mama, hapa kazini."

"Miaka kumi tu. Sitaki mingi."

"Tuna jamhuri sasa, mama, tuna redio. Haya ni mambo ya washairi."

"Baba yako asingeniuliza sababu."

"Kesho," nikamwambia. "Nitakuchapishia kesho."

Niliona haya, hiyo ndiyo kweli. Sikutaka wale wawili wacheke. Jumanne nikajiambia kitabu cha hesabu hakijaisha, na Jumatano vilevile. Mama hakukumbusha. Jioni zote mbili alinitazama mikono tu nilipoingia, kisha akanipakulia chakula.

Alhamisi, wenzangu walipokwenda kula, nilikipanga mwenyewe. "Kwa kosa la msahihishaji: 1926 usomeke 1936." Nikatoa nakala moja. Saa kumi na moja nikaenda nayo nyumbani, imekunjwa kwenye pochi, nikitembea upesi bila kujua kwa nini.

Ngazini, mbele ya mlango wetu, alisimama mzee mnene mwenye glavu za ngozi nzuri. Mkononi alikuwa na maua meupe, na harufu yake ilikuwa imejaa mpaka ghorofa ya chini. Sikuwa nimewahi kumwona, lakini nilimjua.

"Wewe ni binti yake," akasema. "Una taya la Kadlec. Nimewahi au nimechelewa?"

"Nenda zako, Bwana Rejsek."

"Sijaandika mstari hata mmoja tangu baba yako abandike kile kikaratasi." Alisema kwa upole, na naapa alikuwa na machozi. "Nimegonga. Hafungui. Niruhusu nimwone tu."

Nilifungua kwa ufunguo wangu nikamfungia nje.

Jikoni sufuria ilikuwa ikichemka, na matonge yalikuwa yamepasuka, maji yamekuwa mekundu kwa plamu. Mama alikuwa ameketi mezani, kichwa kimeinamia bega. Mbele yake, upande mmoja, kulikuwa na zile glavu nyeupe alizojishonea 1896 azikwe nazo, zimepigwa pasi. Upande wa pili kitabu cha Rejsek, ukurasa wa kwanza umefunuliwa, na kando yake kichupa cha gundi bila kifuniko, brashi imelazwa juu yake. Gundi ilikuwa bado haijakauka. Mama yangu alikuwa ameandaa vyote viwili, kisha akakaa kuningoja mimi.

Nilikitoa kikaratasi kwenye pochi nikakiweka juu ya ukurasa. Sikukibandika. Rejsek alibaki ngazini muda mrefu, namsikia anavyopumua, halafu akashuka. Maua aliyaacha kizingitini, nami nikayatia jikoni kwenye moto.

Ijumaa nilipeleka maneno ya karatasi ya msiba kiwandani. Mpanga herufi alikuwa mmoja wa wale wawili. Alipomaliza kuyapanga aliitandaza nakala ya kwanza mbele yangu bila kunitazama.

"Bi Hedvika, samahani. Tarehe ndiyo hii? Siku na mwaka?"

Nikaisoma mara tatu, kama kazi inavyotaka. Hakukuwa na kosa, nikatia sahihi.

Karatasi zilipokwisha kutoka nilimwomba fremu, nikalifumua jina mimi mwenyewe. Herufi zilikuwa baridi. Nilizishika kiganjani mpaka zikapata joto langu, kisha nikazirudisha moja moja kwenye kijumba chake.